Msafara Haufunguliwi Njiani

Baridi ya Iringa haijawahi kuwa na adabu, lakini mwaka ule ilivuka mipaka. Iliingia mpaka kwenye figo za watu. Si figo za kuzaliwa nazo, hizo wengi walishazipoteza tangu maji ya visima yalipoharibika; ni zile za kutengenezwa, zinazopandikizwa chini ya mbavu na kupokea maagizo hewani kila alfajiri. Figo za Toleo la Tatu, mpya kabisa, zikipigwa na ubaridi wa Juni zilikuwa zinapoteza hesabu. Zinasahau kuchuja. Mtu anavimba miguu Jumatatu, Ijumaa anazikwa. Watu elfu tisa walikuwa nazo, na kila wiki kulikuwa na msiba, na kila msibani watu walitazama juu kilimani, kwenye Jengo la Misafara, wakaulizana wale wanaolipwa mshahara kule wanafanya nini.

Walikuwa wanafanya kazi, jamani. Dawa ya tatizo ilishaandikwa. Ila programu haiendi kwenye mwili wa mtu kama barua inavyoenda posta. Inaandikwa Kiwandani, inapelekwa Majaribio ikaungue huko kama ni ya kuungua, ndipo inapelekwa Uhai, ambako figo ni figo kweli na damu ni damu. Na huko Uhai hakuna mtambo mmoja. Kuna Mzee, kompyuta iliyonunuliwa enzi za babu zetu, inayotunza kiwango cha kuchuja cha kila mgonjwa na haijakosea hesabu hata siku moja. Kuna Ratiba, mtambo wa makamo, unaochukua hesabu za Mzee na kuzigawa alfajiri. Halafu kuna figo zenyewe. Vitatu hivi havikuzaliwa tumbo moja. Kila kimoja kina lugha yake, na ukimfundisha mmoja neno jipya bila kuwafundisha wenzake, wananuniana, na wakinuniana wao anayekufa ni wewe.

Ndiyo maana mabadiliko yote hufungwa pamoja, mzigo kwa mzigo, kwa mpangilio, yakaitwa msafara. Na mwenye kuuongoza wakamfufulia cheo cha kale: kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya wapagazi kwa kuwa ndiye aliyejua njia. Kirangozi wa mwaka ule alikuwa Vaileth Kibiki, Mhehe wa Kilolo, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mwembamba, mkali wa maneno, ambaye hakuwahi kupoteza mzigo hata mmoja na alijua kujisifu kwa hilo.

Asubuhi ile msafara ulikuwa umeshavuka nusu. Mzigo wa figo umefika. Mzigo wa Ratiba umefika. Umebaki wa Mzee, nao umesimama mbele ya Lango, kituo cha mwisho ambacho hakifunguki mpaka kirangozi aweke kiganja chake cha kulia kwenye kioo. Alikuwa amepewa muda mpaka adhuhuri; ikipita hapo, Mzee hawahi hesabu za alfajiri. Vaileth alikuwa na kikombe cha chai mkononi na utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda, akawa anapitia taarifa ya mwisho kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa mfuko kuhakikisha funguo zipo.

Hapo ndipo alipoona mstari mwekundu.

KILICHOPO NI KIPYA KULIKO KINACHOKUJA.

"Ala!" akasema peke yake.

Akausoma tena. Jedwali la viwango vya kuchuja ndani ya Mzee, ambalo msafara ulikuwa unakuja kulifunika lote, lilikuwa na mistari kumi na mmoja ambayo Kiwandani haijulikani. Mtu aliingia Uhai akabadilisha kwa mkono. Hakupitia Kiwandani wala Majaribio. Miezi minane iliyopita. Na msafara ukipita, mistari ile itafutika, kila mmoja atarudishiwa kiwango cha jumla cha watu wote.

Akafungua majina. La nne lilikuwa Skolastika Kibiki, Kilolo. Mama yake mzazi.

Chai ikammwagikia mapajani, na hakuisikia.

*

Mtu pekee mwenye ufunguo wa kuingia kwa Mzee alikuwa Osmund Mhagama, Mngoni wa Songea, mtu wa miraba minne na kicheko cha kuamsha wafu. Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita ilipoisha wakabaki wakidaiana matusi. Osmund alikuwa hamwiti Vaileth kwa jina. Alimwita "mla mbwa," mbele ya wakubwa, mbele ya wageni, na Vaileth alimwita "mkimbizi wa vita," na wote wakala chakula sahani moja.

Alipoingia ofisini na kumwona sketi imelowa, akaanza, "Mla mbwa, leo umejikoj…" Kisha akaona uso wake.

"Hii ni kazi yako?" Vaileth akamwonyesha skrini.

Osmund akatazama. Akavuta kiti, akakaa kabla ya kukaribishwa.

"Ni yangu."

"Mistari kumi na mmoja, Osmund. Kwa mkono! Ndani ya Uhai!"

"Nilikwambia, Vai."

"Lini? Uliniambia lini wewe?"

"Siku ile ya chai ya kufunga kamba, tulipofunga msafara uliopita, ule usiomgusa Mzee. Mwezi wa kumi. Jikoni."

Vaileth alitaka kumwita mwongo, lakini jambo lenyewe likamjia, zima zima, mpaka harufu ya maandazi. Walikuwa wamesimama wote jikoni wakisubiri birika. Osmund akapaza sauti watu wasikie: "Nyie Wahehe mnaringa bure. Figo za bibi zenu kule Kilolo nimezishikia mimi kwa mkono wangu huu. Siku nikiuachia, au msafara wa huyu mla mbwa ukipita juu yake, mnaisha kama kuku wa mdondo!" Jiko zima likaangua kicheko. Na yeye Vaileth, kirangozi, mwenye dhamana, akamjibu: "Hata babu yako alisema anashikilia ngome, tukamkuta mtoni anavuka na ngao kichwani." Wakacheka mpaka machozi. Nani aandike ripoti ya maneno ya mtani? Mtani akikwambia umekufa, unamuuliza jeneza lake la mbao gani.

"Nilidhani unatania," akasema.

"Nilikuwa natania," Osmund akasema. "Na nilikuwa nasema kweli. Nilifikiri utaniita pembeni baadaye. Hukuniita. Nikasema ameelewa, amenyamaza kwa makusudi, ananifichia. Mungu wangu, Vai, nilidhani unanifichia!"

Kisha akaeleza yote, haraka haraka, akijikuna kidevu. Kumi na mmoja wale walikuwa na Toleo la Kwanza, figo za kizamani, kubwa kama ngumi, zisizo na akili yoyote ila kutii. Vitabu vya Jengo vinasema Toleo la Kwanza lilikwisha kuondolewa kwa watu wote, fundi alilipwa, akasaini. Kumbe fundi hakupanda mpaka vijiji vya juu Kilolo, barabara ilikuwa mbaya. Osmund aliligundua alipokwenda kwa mama Skolastika kumshukuru, maana baba yake Osmund alipofariki mama yule alisafiri hadi Songea kufanya kazi ya utani msibani. Alimkuta kitandani, amenyauka. Kiwango cha jumla kilikuwa kinamkausha. Toleo la Kwanza likiambiwa chuja kwa kasi ile, linachuja mpaka chumvi ya mwili yote inakwisha na moyo unasimama.

"Niliandika maombi mara tatu yapitishwe njia halali," akasema. "Mara tatu wakanijibu: toleo hilo halipo tena, ombi limefungwa. Ningefanyaje? Nimwache mama akauke kwa sababu kitabu kinasema hana figo aliyo nayo?"

"Ungerudisha mabadiliko Kiwandani!" Vaileth akafoka. "Kilichorekebishwa Uhai kinarudishwa nyumbani. Mtoto wa darasa la kwanza humu ndani anajua."

"Kiwandani hakuna mahali pa kuyaweka. Toleo halipo, Vai. Halipo!"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa anatafuta mlango, na milango yote walikuwa wameijenga wenyewe. Msafara ukipita Lango, Uhai unajifunga siku nzima, mchana na usiku, ili mitambo izoeane. Mkono wa mtu hauingii, hata wa Osmund. Figo ya Toleo la Kwanza haisubiri alfajiri, inamtii Mzee papo hapo, na haina swichi. Kuitoa ni upasuaji. Na kwa kiwango cha jumla kinachokuja na msafara, kikali kuliko kile cha zamani kilichomkausha polepole, mtu mzima wa umri wa mama Skolastika hafiki kesho asubuhi.

"Ondoka," Vaileth akasema. "Piga simu kwa hao wote. Mwambie daktari wa Kilolo. Chukua gari, chukua pikipiki, chukua chochote. Nenda."

Osmund akaondoka mbio, na mlango ukabaki wazi.

*

Injinia Sanga, mkuu wa Jengo, alimsikiliza Vaileth akiwa amesimama dirishani. Alikuwa Mkinga wa Makete, mzee wa suti moja ya kijivu, mtu wa maneno machache. Hakumkatiza. Alipomaliza, akamwonyesha kiti.

"Shikamoo yako sikuiitikia," akasema. "Marahaba. Sasa niambie unataka nini."

"Nataka mzigo mmoja utolewe, Injinia. Jedwali tu. Mengine yapite."

"Haufunguliwi njiani."

"Najua sheria."

"Sheria unaijua, kwa sababu umeisoma. Mimi niliiandika." Akakaa. "Kuna mkubwa mmoja aliwahi kuomba mzigo mmoja tu utolewe, kwa ajili ya watu wake. Mmoja tu, kama wewe. Kirangozi wa wakati huo akamwonea haya, akafungua kamba, akautoa. Mizigo iliyobaki ikafika bila mwenzao. Ratiba ikasubiri neno ambalo Mzee hakufundishwa. Kata nzima figo zikanyamaza. Mwanangu Tito alikuwa na miaka kumi na saba."

Vaileth alijua kwamba Injinia alifiwa na mtoto. Hakujua alifiwaje. Humu ndani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Pole, Injinia," akasema, na akajiona mjinga, maana pole ile ilikuwa imechelewa miaka mingi.

"Basi turudi nyuma," akasema tena. "Msafara mzima. Tuurudishe."

"Mzee bado hajaguswa. Ratiba itarudi kwa saa moja. Na figo?"

Jibu alikuwa nalo. Figo ikifundishwa haisahaulishwi hewani. Lazima mwenye nayo aje hospitali, alazwe, iunganishwe waya. Elfu tisa. Na figo zile zilishafundishwa lugha mpya leo, baada ya agizo la alfajiri. Alfajiri ya kesho zitasubiri agizo kwa lugha hiyo, na kama Mzee hajaijua, hazitapata agizo lolote. Zitakaa kimya ndani ya watu elfu tisa, na figo ikishanyamaza haiamshwi hewani.

"Kwa hiyo unaniamuru," Vaileth akasema.

"Sikuamuru. Lango halifunguki kwa kiganja changu." Injinia Sanga akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. "Ningekuwa na uwezo wa kukupokea mzigo huu, mama, ningekupokea. Sina."

Vaileth alimchukia kwa upole wake. Angemtukana angepata angalau mtu wa kugombana naye. Akatoka akipita kwenye ngazi, na watu wa ghorofa ya chini wakampungia mikono wakitabasamu, kwa kuwa wao walijua kitu kimoja tu, kwamba leo misiba inakwisha.

*

Osmund alipiga simu akiwa barabarani, upepo unavuma ndani ya simu. Amewapata wanane. Watatu hawapokei. Daktari wa Kilolo anasema wanywe maji ya chumvi na sukari mfululizo, wasilale, inaweza kuwasogezasogeza kidogo. Ana chumba kimoja cha upasuaji na mpasuaji mmoja, naye yuko kazini tangu jana. "Mama yako sijampigia," akasema. "Nimeshindwa. Niko njiani kwake, lakini barabara, Vai… barabara ni ileile."

Kwa hiyo akapiga yeye.

Alikaa kwenye chumba cha Lango, mbele ya kioo. Simu iliita sana. Mama huwa anaiacha juu ya kabati na kwenda shamba.

"Kamwene, mwanangu," sauti ikasema, inahema. "Nimetoka kuchimba viazi. Mwaka huu vimekubali, usiniulize."

"Kamwene, mama. Upo na nani hapo?"

"Na kuku. Una nini? Sauti yako si nzuri."

Vaileth alikuwa amejipangia maneno. Yalitoka vibaya, yakapishana, akaanzia katikati, akarudi mwanzo, akataja jedwali, akataja kiwango, mpaka mama akamwambia, "Ngoja. Ngoja kwanza. Sema kama unavyosema na mtu." Ndipo akasema kama anavyosema na mtu. Kwamba figo yake ilikuwa imeshikiliwa na mkono wa Osmund. Kwamba kuna kitu lazima kipite leo, na kikipita mkono ule unaachia. Kwamba kisipopita, kesho watu elfu tisa. Kwamba daktari amesema anywe maji ya chumvi na sukari, na Osmund yuko njiani. Na kwamba mwenye kukipitisha ni yeye.

Kuku mmoja alilalamika.

"Hakuna mwingine wa kupitisha?"

"Hakuna, mama."

"Sasa unanipigia kuniomba ruhusa, au unaniaga?"

Vaileth akaibana simu sikioni.

"Maana kama ni ruhusa, sitoi," mama akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekataa kuuza kuku wa mbegu. "Nisikilize vizuri. Sitaki kufa, Vai. Nimechimba nusu ya shamba, nusu bado. Nina miaka sabini na mbili na sijaichoka hata siku moja. Najua watu. Watakaa msibani na vikombe vyao vya uji waseme, yule mama alikuwa na roho kubwa, alimwambia mwanawe pitisha tu mwanangu. Sikusema. Wakikuuliza, useme mama hakusema."

"Nitasema hukusema."

"Usinitengenezee maneno."

"Sitakutengenezea."

Vaileth alikuwa analia sasa, bila sauti, mdomo wazi, kamasi zinashuka, na hakujisumbua kujifuta. Alikuwa amesubiri, bila kujikiri, mama amfungulie, aseme pitisha. Kila mtu anasubiri hilo kwa mama yake. Na mama alikuwa amekataa, na alikuwa na haki, na kioo kilikuwa pale pale.

"Hao elfu tisa," mama akauliza, "na watoto wamo?"

"Wamo."

"Nilijua utasema wamo." Akashusha pumzi. "Usingeniambia. Ungeacha tu nikafa na viazi vyangu mkononi, ingekuwa dhambi yako peke yako. Sasa umenigawia. Hukufanya vizuri, mwanangu."

"Nisamehe, mama."

"Sijui. Usiniharakishe."

Saa ya ukutani ilikuwa imekaribia adhuhuri. Vaileth aliutazama mkono wake wa kulia. Akafikiri: nikae hapa tu. Nisifanye lolote. Mtu asiyefanya lolote hajaua mtu. Akajaribu kuliamini wazo hilo, akaligeuza, akalipapasa, na kila alipolishika alimwona kijana wa miaka kumi na saba asiyemjua sura. Yule kirangozi wa zamani alifungua kamba kwa haya. Yeye angeifungua kwa ajili ya mama. Kaburini ingekuwa ni kamba ileile.

"Mama, bado upo?"

"Nitakwenda wapi?"

Akaweka kiganja kwenye kioo.

Hakikuwa na joto wala baridi. Taa ndogo ikageuka kijani. Kwenye skrini mzigo wa mwisho ukavuka, na mistari kumi na mmoja ikawa kama mingine yote, safi, sawasawa, bila alama hata moja nyekundu. Taarifa ikajiandika chini: msafara umefika salama, hakuna kilichopotea.

Ghorofa ya chini ikalipuka. Desturi ya Jengo ni hiyo. Lango likifunguka taa huwaka vyumba vyote, na watu husimama wakapiga makofi na vigelegele kwa ajili ya kirangozi. Siku ile walipiga kuliko siku zote. Wengine walikuwa na ndugu katika wale elfu tisa. Mtu mmoja alikuwa anapiga meza kwa viganja, mwingine anaimba. Vaileth akakimbilia mlango aufunge, lakini alikuwa ameshachelewa, kelele zilikuwa zimejaa chumbani na kwenye simu.

"Vai," mama akasema. "Huko wanapiga makofi ya nini?"

Angeweza kusema lolote. Redio, sherehe, mtu amepata mtoto.

"Msafara umepita, mama."

Akasikia mama anavuta kigoda, anakaa. Akasikia pumzi yake, ndefu, ya mtu aliyeshika kiuno kwa mkono mmoja. Makofi yalikuwa bado yanaendelea.

"Haya," mama akasema. "Hayo maji ya chumvi aliyosema daktari. Nielekeze. Taratibu, nisikosee."